Fundi Jovitha na saa sita alizompotezea Celina

Saa mbili kasoro dakika nne asubuhi, na Jovitha Kimario hataki kusemeshwa. Amekaa mbele ya meza yake, redio ndogo iko wazi pembeni, kidole kimoja kiko juu ya kibodi. Ukimsalimia sasa hivi atakuinulia mkono tu, basi.

Mezani kuna kompyuta tisa za kiganjani, zile ambazo skrini zake huguswa kwa kalamu ya plastiki. Zimepangwa mstari mmoja, kila moja imebandikwa plasta yenye namba. Anasubiri redio itangaze kwamba ni saa mbili kamili. Hapo ndipo atabonyeza, na kompyuta ya kwanza itapata saa yake.

Kabla ya hapo anachukua kipande cha karatasi, anaandika sifuri na nane, anazungushia duara, kisha anasoma kwa sauti: "Nane. Nane. Nane." Redio inatangaza. Anabonyeza. Anashusha pumzi kama aliyetua ndoo ya maji.

"Sasa shikamoo yako nimeisikia. Marahaba," anamwambia mwandishi wa makala haya, ambaye amesimama mlangoni karibu robo saa na ambaye saa yake ya mkononi haitembei tangu Pasaka.

Chumba chake kipo ghorofa ya pili ya jengo la zamani upande wa Gerezani, juu ya duka la vipuri vya malori. Mlango hauna kibao. Nyuma ya pazia la maua kuna kitanda, jiko la mafuta ya taa na masanduku mawili. Mbele ya pazia kuna kazi. Kutoka chini nyundo za mafundi bati hazikomi mpaka jioni, na Jovitha anasema zikikoma ndipo hukosa raha.

Vijana wa duka la chini wanamwita Mama Kompyuta. Wanamheshimu, wanambebea maji akinunua, lakini hakuna anayepanda kukaa naye. "Wakipanda wataongea nini na mimi?" anauliza. "Mpira siujui. Na mimi nikianza kuwaeleza ninachofanya, wanatazama mlango."

Anachofanya si rahisi kueleza, lakini tujaribu. Watu wengi wanadhani kompyuta ya kuguswa hutengenezwa kwa kuigusagusa. Jovitha huwaacha wadhani hivyo. Yeye huchukua kifaa, hukiunganisha kwa waya na kompyuta yake kuukuu ya mezani, hufungua dirisha jeusi lisilo na picha wala rangi, kisha huandika amri.

Amri moja hupanga tarehe na saa. Nyingine hubadilisha lugha, maana vifaa vingi vimetumika Japani, vikapitia Dubai, na vinafika Kariakoo vikiwa na maandishi ambayo hapa hayana msomaji. Nyingine huleta misalaba mitano kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, naye huigusa kwa kalamu ili mashine ijue mkono wa mtu unatua wapi hasa.

"Usipofanya hivyo, unagusa 'Ndiyo' yenyewe inachukua 'Hapana'," anasema. "Mtu anakasirika, anaipiga kofi. Kumbe mashine haijafundishwa tu."

Kazi hii aliisomea bila kujua kwamba anaisomea. Mwaka 1984, akiwa na miaka ishirini na mitatu na ametoka Kibosho na sweta moja, aliajiriwa katika shirika moja la umma jijini kama mwendeshaji wa mashine. Baada ya miaka michache zikaletwa skrini za maandishi ya kijani. Hazikuwa na picha ya kubonyeza wala kipanya cha kusogeza. Ulikuwa unaandika amri, mashine inatii, na ukikosea herufi moja inakataa.

"Tulikuwa saba chumba kile. Baridi ya viyoyozi ilikuwa kali, tunavaa makoti Dar es Salaam hii," anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Tulikuwa na utani wetu wa maneno ya mashine. Mtu wa nje hawezi kuucheka hata umtekenye."

Mwaka 1997 shirika liliandaliwa kuuzwa, na wafanyakazi wakapunguzwa. Saba wale wakatawanyika. Wawili wamefariki, mmoja anauza vitenge Mwanza, mmoja alikwenda nje na hajaandika. Wengine wawili hajui walipo, na ameacha kuulizia.

"Siku hizi nikikosea amri mashine ikanijibu kitu cha kuchekesha, nacheka mwenyewe. Halafu nanyamaza mwenyewe."

Kwa miaka mitano ujuzi wake ulikuwa bure kabisa. Ofisi zilitaka wasichana wanaojua kipanya na madirisha ya rangi. Alishona, akauza maandazi, akachapa barua za watu kwa mashine ya taipu nje ya mahakama. Kisha biashara huria ikaleta Kariakoo vitu ambavyo hata wenye maduka hawakuvijua majina, na kati ya vitu hivyo zikawemo kompyuta za kiganjani.

Aliyezileta ni Keyur Vadgama, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, mwenye duka la vifaa vya ofisi katika Mtaa wa Mkunguni. Baba yake alikuwa anauza redio. Milango ya biashara ilipofunguliwa akaingia kwenye vikokotoo, na mwana akaingia kwenye kompyuta. Keyur alinunua shehena ya kwanza kwa bei ya kutupa, akagundua kwa nini ilikuwa ya kutupa: ndani hakukuwa na chochote kinachoeleweka, ila dirisha jeusi.

"Vijana wangu wote walishindwa," anasema Keyur. "Mzee mmoja akaniambia, kuna mama anachapa barua pale mahakamani, zamani alikuwa kwenye mashine za shirika. Nikamfuata. Dada Jovi alikaa na kile kifaa dakika kumi, akaniambia, 'Huyu namjua.' Kama anaongea habari za mtu."

Tangu wakati huo Keyur huzikodishia vifaa hivyo kampuni zinazotuma watu mitaani kukusanya takwimu, na Jovitha huviandaa kimoja kimoja. Hulipwa Sh3,000 kwa kifaa. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2006 alikuwa anapata vifaa arobaini kwa mwezi. Sasa havifiki kumi na vitano, na sababu yake ndiyo iliyomfanya akubali kuzungumza na gazeti.

Anainuka, anamimina chai ya rangi kwenye vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kimewekewa penseli. Anazitoa, anakisuuza, anaomba radhi kwa kuwa hajazoea kumimina viwili.

Mwezi Machi kampuni moja ya utafiti wa masoko ilikodi vifaa kumi na vinne kwa Keyur. Wasichana kumi na wanne wangezunguka Ilala, Jangwani na Gerezani kila siku, duka kwa duka, wakiuliza bei ya sabuni na mafuta ya kula. Kila wakigusa jibu kwenye skrini, mashine inaandika yenyewe saa na dakika. Msichana hawezi kuifuta.

Jovitha aliviandaa vyote kwa siku mbili. Asubuhi ya kukabidhi akakuta kifaa cha kumi na nne kimezimika kabisa. Kilikuwa kipindi cha mgao, umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na betri ilikuwa imeisha. Vifaa hivi betri ikiisha husahau saa. Kijana wa Keyur alikuwa anagonga mlango, kikapu kiko begani.

Umeme ukarudi. Jovitha akakichomeka, akafungua dirisha jeusi, akaandika amri ya tarehe yenye herufi nne, halafu tarakimu nane: mbili za mwezi, mbili za siku, mbili za saa, mbili za dakika. Redio ikawa inasema ni saa mbili kamili asubuhi, na midomo yake ikawa inasema pamoja nayo. Vidole vikaandika alichosikia. Sifuri, mbili.

Sisi huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Mashine huhesabu kuanzia katikati ya usiku. Saa mbili yetu ya asubuhi, kwake ni nane. Ukiiandikia mbili, inaelewa kwamba ni saa nane usiku, watu wamelala.

"Ni miaka ishirini na mbili tangu niguse mashine ya kwanza," anasema Jovitha. "Kila siku naongeza sita kichwani, siwazi hata. Siku ile sikuongeza."

Vifaa vilirudi mwisho wa Aprili kusafishwa kwa ajili ya kazi nyingine. Jovitha alipofungua cha kumi na nne akaona saa yake iko nyuma kwa saa sita kamili. Hiyo haikuwa hitilafu. Hitilafu ingekosea kwa dakika kumi na saba, au miaka mitatu. Saa sita kamili hukosewa na Mswahili.

Alipomuuliza Keyur kama kuna aliyelalamika, Keyur alimjibu huku anahesabu maboksi. Kulikuwa na binti mmoja alifukuzwa, akasema, alikuwa anajaza majibu usiku nyumbani badala ya kwenda madukani. Mashine ilimkamata. Celina nani sijui, wa Ilala.

"Niliketi," anasema Jovitha. "Kiti hakikuwepo, niliketi juu ya boksi la mteja."

Alimwambia Keyur ukweli siku ileile. Keyur hakumfokea. Alifunga mlango wa ofisi, akamwagizia soda, akamweleza kwa upole kwamba yule binti alikuwa kibarua wa wiki kwa wiki, kwamba angeondoka tu, kwamba kampuni ikijua itakatisha mkataba.

"Nilimwambia, dada Jovi, nani amekuuliza?" Keyur mwenyewe anakiri, bila kuficha. "Nilikuwa naogopa. Bado naogopa. Lakini alikataa kunywa ile soda, na mimi nikaona aibu."

Jovitha aliandika barua ya kurasa mbili kwa mkono, Keyur akaipeleka. Kampuni ikafanya kama Keyur alivyotabiri: ikakatisha mkataba. Nafasi ya Celina ilikuwa imeshajazwa. Baada ya Jovitha kwenda kusimama mapokezi siku tatu mfululizo, ikatoa karatasi moja yenye mhuri, inayosema kwamba saa ya kifaa namba kumi na nne ilipangwa vibaya na fundi, na kwamba mkusanyaji wa takwimu hakuwa na kosa.

Karatasi ikawa mkononi. Mwenyewe hayupo. Namba ya simu ambayo Celina aliiacha kwa kampuni ilikuwa ya jirani aliyehama.

Ndipo Jovitha akafanya jambo ambalo fundi mwingine asingelifikiria. Katika kifaa kulikuwa bado na orodha ya maduka yote ambayo Celina aliyaingia, kwa majina na mitaa, jumla mia moja na sitini. Akaichapa. Akavaa raba, akaanza kuyatembelea moja baada ya jingine, kwa mpangilio uleule, akiuliza: unamkumbuka binti aliyekuja hapa na kompyuta ndogo?

Mtu ambaye huweza kukaa siku nne bila kusema zaidi ya "asante, weka hapo" ikambidi aongee na wenye maduka mia na kitu. Wengine walimdhania ni mtu wa kodi. Mmoja alimfungia mlango.

Severa Mosha, mwenye duka la jumla Ilala, anamkumbuka Celina vizuri. "Alikuwa anakuja saa tano saa sita hivi, jua kali, nampa maji. Nikamwambia yule mama, usiku gani tena? Mimi usiku nimefunga, niko nyumbani nasali rozari." Jovitha aliandika maneno hayo nyuma ya orodha, akamwomba aweke sahihi. Ana sahihi sitini na moja.

Sahihi ya mwisho ilitoka kwa muuza mikate ambaye alisema, huyo dada mbona anaosha vyombo kwa mama lishe kule kwenye gereji za Gerezani. Kutoka dirishani kwa Jovitha mpaka hapo ni mwendo wa dakika saba. Alikuwa amezunguka miezi mitatu.

Alipomaliza vifaa vyake tisa, Jovitha aliomba asiende huko peke yake, na ndivyo mwandishi alivyojikuta amebeba bahasha ya watu akipita katikati ya malori yaliyofunguliwa injini.

Celina Mbuya ana miaka ishirini na tisa. Tulimkuta ameinama kwenye karai, mikono imetota sabuni. Alimwamkia Jovitha shikamoo kabla hajajua ni nani. Jovitha akaitikia, kisha akasema yote kwa pumzi moja, amesimama, bila kupunguza neno: mimi ndiye niliyepanga saa ya ile mashine yako, nilikosea, karatasi hii hapa, nisamehe.

Celina alijifuta mikono kwenye kanga. Aliisoma karatasi mara mbili. Hakulia wala hakupandisha sauti.

"Kazi mama si kitu," alisema. "Kazi nimepata nyingine, ndiyo hii. Ungempa yeye hii karatasi. Siyo mimi."

Yeye ni Ansbert, mumewe, dereva wa lori la Tunduma. Celina alipofukuzwa, Ansbert alikwenda naye ofisini kumtetea. Meneja akamgeuzia karatasi yenye majina ya maduka, mengi ya wanaume, na pembeni saa: saa nane usiku, saa tisa, saa kumi. Meneja alimaanisha kwamba binti alidanganya kazi. Mwanamume anayelala njiani siku sita kwa wiki alisoma kingine.

"Akaniambia nichague," alisema Celina. "Ama nilikuwa mwizi wa kazi, ama nilikuwa huko kweli usiku. Nikamwambia si hili si lile. Akasema mashine haina sababu ya kunisingizia. Akabeba nguo zake, na mtoto akampeleka kwa mama yake Mbezi. Ana miaka minne. Namwona mara moja moja."

Jovitha alikuwa hajui habari za mtoto. Alikaa chini, pale pale kwenye tofali la jikoni. Mama lishe akaleta sahani ya wali bila kuulizwa, akaiweka katikati yao. Celina alikula kidogo. Jovitha hakula, lakini alishika ukingo wa ile sahani mpaka ilipoondolewa.

"Nakuchukia kidogo," Celina alimwambia hatimaye, kwa sauti ya kawaida tu. "Lakini wenzako wangekaa kimya. Sasa na mimi nakuomba kitu kimoja. Nenda ukamwambie. Mimi nilimwambia hakuamini, sitamwambia tena. Kurudi kwake asirudi akitaka. Nataka mtoto wangu, na nataka ajue."

Jovitha aliuliza kama watakwenda pamoja. Celina akatikisa kichwa, akamrudishia karatasi, akarudi kwenye karai.

Tumerudi chumbani. Vifaa tisa vimekwisha, vimefungwa kwenye kikapu vikisubiri kijana wa Keyur. Jovitha amefungua daftari na anaandika atakachosema, anakata, anaandika upya. Hana uzoefu wa kusimama mbele ya mwanamume mwenye hasira, na hafichi kwamba anaogopa. Katika mifuko ya plastiki ameweka karatasi yenye mhuri, orodha ya maduka na sahihi zake sitini na moja.

Amefikiria pia kuchukua kifaa chenyewe namba kumi na nne, akiweke mezani mbele ya Ansbert, afungue dirisha jeusi na kumwandikia mbele ya macho yake sifuri na mbili, aone mashine inavyoamini chochote inachoambiwa. Keyur ameshakubali kumwazima bila malipo, pamoja na kompyuta ya kubeba ya kukiunganishia.

Malori ya Tunduma huingia yadi kila Jumamosi kabla ya adhuhuri. Madereva huoga, hula, huondoka tena Jumapili. Jovitha amekwishaulizia geti lipi.

"Nitaanza na jina langu," anasema. "Halafu nitamwambia, mkeo alikuwa kazini mchana. Mimi ndiye niliyeandika usiku."

Na Ansbert asipoamini?

Anafunga daftari, anaweka kalamu juu yake. "Nitarudi Jumamosi nyingine," anasema. "Na nyingine. Mimi Jumamosi sina ninapokwenda."